UZI: Kwani nesi anahitaji PhD ya nini?

1/ Kila mara mjadala wa afya ukipamba moto huku, lazima mtu adondoshe hii: "Wadi hazina manesi, na wao wanakimbilia PhD. Nesi na PhD wapi na wapi?" Nimeiona kwa mashabiki wa kila upande, kwa hivyo hapa sipigii mtu debe. Leo tuichambue kwa historia. Chukua chai, uzi ni mrefu.

2/ Niseme ukweli wangu kwanza. Shangazi yangu ni muuguzi katika hospitali moja ya kaunti. Alianza na cheti, akapanda stashahada, kisha digrii, juzi akamaliza uzamili. Yote akiwa kazini, zamu za usiku zikiwemo. Sasa amepata nafasi ya kusomea uzamifu, yaani PhD, na hajui akubali ama aache. Karo ni yake mwenyewe, mkopo wa sacco. Na mwajiri bado anamlipa kwa daraja la stashahada. Akaniuliza mimi, ati kwa sababu nasoma siasa. Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nikaenda kusoma.

3/ Tuanze nyumbani. Wakati wa ukoloni hospitali zetu zilipangwa kwa rangi. King George VI ya Nairobi, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilikuwa ya Waafrika, lakini waliosimamia wadi walikuwa masista wa Kizungu. Mwafrika alifunga vidonda, akabeba machela, akafuata maagizo. Kwa hivyo swali la "nesi anafaa kusoma hadi wapi" halikuanza jana huku mtandaoni. Tulilirithi pamoja na majengo.

4/ Baada ya uhuru kulihitajika watu wa kuchukua nafasi za wale masista. Mwaka 1968, Nairobi ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chuo kilianza stashahada ya juu ya uuguzi kwa manesi waliokwisha kusajiliwa. Lengo lilikuwa kupata walimu na wasimamizi. Angalia hapo vizuri: tangu siku ya kwanza, nesi akisoma zaidi alikuwa anatolewa wadini. Tutalirudia hili.

5/ Sasa hii itawashangaza wengi. Kati ya 1981 na 1985, rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lenye makao yake Geneva, alikuwa Mkenya: Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa pia Afisa Mkuu wa Uuguzi hapa nchini. Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Na wakati huo hakuna chuo kikuu hata kimoja Kenya kilichokuwa kinatoa digrii ya uuguzi! Mkenya anaongoza manesi wa dunia nzima, lakini nesi wa Kisii au Garissa akitaka digrii ya kazi yake, lazima apande ndege.

6/ Digrii ya kwanza ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 katika chuo cha Baraton. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata 1992. Hata hivyo, wengi walibaki na cheti. Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi pamoja na AMREF wakaanzisha masomo ya kupitia kompyuta ili wenye vyeti wapande hadi stashahada bila kuacha kazi. Manesi wa Kenya walikuwa wanasomea mtandaoni kabla wengi wetu hatujajua kufungua barua pepe.

7/ Na PhD yenyewe ilianzia wapi? Hapa tuvuke bahari kidogo. New York, Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1907 Adelaide Nutting akawa profesa wa kwanza wa uuguzi duniani. Mwaka 1924 chuo hicho hicho kikafungua njia ya uzamifu kwa manesi. Lakini ilikuwa shahada ya elimu, si ya uuguzi. Kwa nini? Kwa sababu wakubwa wa vyuo hawakuamini kwamba uuguzi una maarifa yake. Walidhani ni moyo wa huruma na mikono misafi tu.

8/ Kwa miongo mingi nesi wa Marekani aliyetaka uzamifu alisomea elimu, sosholojia ama anthropolojia. Mmoja wao ni Linda Aiken: nesi, kisha uzamifu wa sosholojia. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania. Walipata kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7.

9/ Soma hiyo tena. Manesi walikuwa wamelia miaka mingi kwamba wamelemewa. Kilio hakikusomwa bungeni. Namba ilisomwa. Na hiyo namba ilitoka kwa mtu aliyejua wadi ikoje saa tisa usiku NA aliyejua kuhesabu. Hiyo ndiyo kazi ya PhD ya nesi. Si kuitwa "Daktari" ili mgonjwa achanganyikiwe, ingawa Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa watu wawili tofauti na watani wanalitumia sana.

10/ Marekani wakaongeza njia nyingine. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Kentucky kilipokea wanafunzi wa kwanza wa uzamifu wa utendaji: nesi anasoma hadi juu kabisa, lakini anabaki na wagonjwa. Tangu Januari 2022, nesi anayeanza kusomea kazi ya kutia wagonjwa ganzi huko lazima awe kwenye programu ya uzamifu. Iko na lawama zake pia: karo, miaka mingi, madeni. Lakini ngazi yao ina kidato kinachorudi kitandani kwa mgonjwa.

11/ Rudi Kenya. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo: mhadhiri awe na uzamifu, waliomo wapewe miaka mitano. Mlango wa darasani ukafunguka wazi kwa nesi mwenye PhD. Mlango wa uongozi? Sheria ya Afya ya 2017 iliweka kwamba Mkurugenzi Mkuu wa Afya awe daktari wa tiba aliyesajiliwa. Uzamili wa fani yoyote ya afya unatosha, mradi uwe daktari wa tiba kwanza. Nesi na uzamifu wake, mbele ya mlango huo, ni sawa na nesi mwenye cheti.

12/ "Lakini wadi ni tupu!" Ni kweli, na sikatai. Ila si PhD iliyozimaliza. Julai 2021 serikali ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka huko wauguzi wetu WASIO NA AJIRA. Kama tulikuwa na manesi wa kuwapa wengine kazi, basi shida ya wadi ni bajeti ya kuajiri. Tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, kwa hivyo ukitafuta wa kuuliza, anza na gavana na MCA wako.

13/ Mwaka huo huo wa 2017 manesi waligoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba. Nilikuwa darasa la saba. Shangazi alikuja kwetu akiwa hana mshahara, akawa ananifundisha hesabu mezani. Redioni walibishana kila siku kuhusu pesa. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Mbona hakuna anayesema ninabeba wagonjwa wangapi usiku?"

14/ Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia manesi wanapenda vyeti kuliko wagonjwa, muulize:
- Kaunti yako inampandisha daraja nesi aliyebobea akibaki wadini, ama hadi aende ofisini?
- Akienda masomoni, nani anashika zamu yake?
- Takwimu za wagonjwa kwa kila nesi ziko wapi, na nani alizikusanya?
Asipojibu hata moja, hana sera. Ana kejeli tu.

15/ Na shangazi? Nilimwambia ukweli: kwa mshahara peke yake, usichukue huo mkopo. Hakuna aliyekuahidi kitu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mshahara najua. Mimi nataka kujua kwa nini akina mama wanaojifungua usiku kwetu wanapata shida kuliko wa mchana. Nimeuliza miaka kumi na tano, naambiwa ni bahati mbaya."

Mwisho wa kujibu chuo ni Ijumaa. Bado anafikiria. Nyinyi mngemwambia nini? Njooni na hoja, matusi acheni mlangoni.