Akoko Alienda Kisumu, Akarudi

Ukitaka kujua jamii inamwonaje mwanamke, usisikilize anavyosifiwa harusini. Soma riwaya zake uone anatendwa nini akishatoka nje ya boma.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Rosa ni msichana wa Ukerewe, na babake, Zakaria, ni mlevi anayemlinda kwa fimbo. Anaenda shule, anaenda chuo, mwishowe anajiua. Serikali ya Tanzania ikakipiga kitabu marufuku shuleni. Kezilahabi alikuwa anamlaumu baba, hilo liko wazi. Lakini kilichobaki vichwani mwa wengi ni ile njia ya Rosa: msichana akitoka, anapotea.

Huku Kenya, mwaka 1984, John Kiriamiti alitoa My Life in Crime, na kila mtu akamjua Jack Zollo, jambazi wa mabenki. Milly, mpenzi wake, kazi yake ilikuwa kungoja. Mwaka 1989 Kiriamiti akampa Milly kitabu chake, asimulie mwenyewe. Hatua kubwa hiyo, bana. Ila hebu soma jina lake: My Life with a Criminal. Hata akipewa maiki, bado anajulikana kwa mwanamume wake.

Kisha 1994, Margaret Ogola, daktari wa watoto, akatoa The River and the Source. Akoko ni binti wa chifu wa Yimbo. Mumewe na wanawe wawili wameshakufa, na shemeji yake, Otieno, amekalia uchifu wa mjukuu wake huku akinyemelea mali. Akoko hapigani na mtu, wala hangoji mwanamume aje kumwokoa. Anafunga safari hadi Kisumu kwa mkuu wa wilaya wa kikoloni, anaeleza kesi yake, anasikilizwa. Na anarudi akiwa mzima.

Mimi niliacha chuo, na sasa najilisha kwa kuwaandikia watu stori za mapenzi, nikilipwa kwa idadi ya maneno. Oda zinakuja zikisema mhusika mkuu awe mwanamke ngangari. Maana yake nishaijua: mrembo anamzaba bosi kofi sura ya kwanza, anaolewa naye sura ya mwisho. Lile kofi halibadilishi kitu. Nyumba, gari na kampuni bado ni za bosi, na yeye ameingia tu kwa mlango mwingine.

Akoko hakuhitaji kofi. Alijua kilicho chake, na alijua ni mlango upi wa kubisha. Wengi wetu tulimsoma kwa sababu ya KCSE, tukaorodhesha sifa zake, jasiri, mchapakazi, mwenye msimamo, tukapata maksi zetu tukasonga. Swali ambalo halikuulizwa ndilo najiuliza sasa kila nikianza stori mpya: huyu dada akitoka nje, atarudi na nini mkononi?