REE MBILI MKONONI, UBINGWA UKAYEYUKA: Fainali ya Poka ya 1979 Ambayo Haisahauliki

Wadau, kuna ule mkeka ambao timu zote zimetiki, imebaki moja tu, inaongoza moja bila, dakika ya 89. Moyoni ushakula hela. Halafu wanasawazishiwa. Sasa chukua maumivu hayo yapeleke Las Vegas, Marekani, mwaka 1979.

Ni kasino ya Horseshoe, fainali ya mashindano makubwa ya poka yaliyoanza 1970. Mwaka huo waliingia watu 54, kila mmoja kaweka dola 10,000, na bingwa anaondoka na dola 270,000. Wamebaki wawili. Mmoja ni fundi, karata ndiyo ofisi yake. Mwingine ni mgeni tu, anacheza kujifurahisha. Mpaka hapo ubingwa ule ulikuwa wa mafundi watupu.

Kwa wasioujua mchezo: kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu mezani zinafunuliwa tatu, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Mwenye karata tano bora anabeba. Kila hatua watu wanaweka dau kwa chipsi. Chipsi za mchezo lakini, sio za mayai.

Fundi kapewa ree mbili, yaani A na A. Hakuna mwanzo mzuri kuliko huo. Mgeni kashika 7 na 6. Mezani zikafunuliwa J, 5 na 3. Fundi bado yuko juu, mgeni hana hata jozi. Ila ana tundu moja: ikija 4 anakamilisha mfuatano wa 3 mpaka 7. Ukitoa karata zao na za mezani zimebaki 45, na 4 ziko nne tu. Kama nafasi moja kwa kumi na moja hivi.

Akalipia kuiona. Ikaja 4.

Ree zikageuka mapambo, chipsi zikaishia katikati ya meza, na mgeni akawa bingwa wa kwanza asiye fundi.

Bahati? Ndiyo, sana. Lakini kuna somo. Ree mbili ni jozi moja tu. Zina nguvu leo, ila ni ngumu kukua, kwa sababu zimebaki ree mbili tu kwenye pakiti nzima. Anayesubiri karata ndiye anayeweza kukupita. Ndiyo maana mafundi wanasema usimpe mtu huyo karata ya bure wala ya bei chee.

Hesabu yake ndogo tu. Tuseme mwenzako ana kopa nne, anasubiri ya tano. Zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 asizoziona, kwa hiyo karata moja ijayo anapata kama mara moja kwa tano. Mezani kuna 100. Ukiweka 20, mara nne anakosa, anapoteza 80. Mara moja anapata, anavuna 120. Umemlisha mwenyewe! Ukiweka 100, mara nne anapoteza 400, mara moja anavuna 200. Sasa akifuata, anafuata kwa hasara yake.

Ukiwa na mkono usiotishika ni habari nyingine. Fainali ya 1988, bingwa mtetezi alipata mfuatano kamili kwenye karata tatu za kwanza. Mpinzani ana jozi ya Q. Bingwa akajifanya mnyonge, akanyamaza, mpinzani akasukuma chipsi zote. Kwisha habari, ubingwa wa pili mfululizo. Aliweza kutulia kwa sababu karibu hakukuwa na karata ya kumwokoa yule mwingine.

Wengi wanachanganya hapo. Wanatulia na jozi kana kwamba wameshika mfuatano.

Na hata ukimtoza vizuri, kuna siku 4 itakuja tu. Hapo kinachobaki ni kuweza kuzitupa ree zako, na hicho ndicho kigumu. Mtu anaangalia zilivyokuwa nzuri mwanzo, hataki kuamini kwamba zimeshapitwa. Watu wanafanya hivyo hata kwenye biashara na mapenzi.

Wewe ungekuwa yule fundi, 4 ikitokea ungetupa au ungekomaa? Tiririka kwenye comment hapo chini.