Chanzo cha Saratani katika Fikra za Watu wa Uluguru

Waluguru, wenyeji wa milima iliyo juu ya mji wa Morogoro, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo ugonjwa wa kizazi haukuwa msiba wa mwanamke mmoja peke yake, bali ulitisha ukoo mzima.

Palipotokea uvimbe usiopona au damu isiyokoma, swali la kwanza halikuwa ni ugonjwa gani, bali ni nani aliyeuleta. Je, ni mzimu uliosahauliwa katika tambiko, au ni jirani mwenye husuda? Swali hilo halikuwa la ujinga. Aumwaye hutaka kujua kwa nini ameguswa yeye, na mwenzake ameachwa.

Wamisionari walifika Morogoro mwaka 1882 na dini yao na dawa zao. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ikakataza watu kushtakiana uchawi. Lakini sheria huzuia ulimi, haijibu swali. Hata jina saratani, ambalo katika Kiarabu ni kaa, laeleza jinsi ugonjwa ung'ang'aniavyo, halielezi utokako.

Kwa saratani ya shingo ya kizazi, jibu lilipatikana Ujerumani mwaka 1983, Harald zur Hausen na wenzake walipovumbua ndani ya uvimbe huo aina ya virusi vya papiloma. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote.

Hata hivyo, swali la kale halikufa. Kwa kuwa virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, kidole kilichomwelekea jirani huweza kumgeukia mgonjwa mwenyewe, akadhaniwa mwasherati. Hukumu hiyo ni batili sawasawa na ile ya uchawi, maana virusi hivyo huwapata watu wengi mno, hata mke mwaminifu, na walio wengi hupona bila kujua. Aibu humweka mgonjwa nyumbani kama hofu ilivyomweka zamani. Na wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa umekwisha kuenea.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yafaa kuuliza pia ni nani waliomfanya ayafiche.