Pampu ya mafuta ikae wapi? Historia fupi ya pampu iliyoikimbia injini

Alhamisi, saa tano usiku

Haya wadau, leo hakuna habari za foleni ya kantini wala za bumu kuchelewa. Leo ni historia, ila si ile ya wafalme na mikataba. Ni historia ya kidude kinacholia tik-tik-tik kwenye magari ya zamani: pampu ya mafuta ya umeme. Swali ni moja tu, kinafungwa wapi? Wengi watajibu haraka, "Si pale pale kwenye injini, nafasi ipo." Mimi nasema historia ya karibu miaka mia moja inalipinga jibu hilo.

Tuanze enzi ambazo pampu haikuwepo kabisa. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Tangi lake lilikaa chini ya kiti cha mbele, na petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Hakuna cha kuharibika hapo. Shida ilikuja mlimani. Pua ya gari ikinyanyuka na mafuta yakiwa kidogo, kabureta inakuwa juu kuliko tangi, na petroli haipandi mlima yenyewe. Madereva wakafanya nini? Wakapanda mlima kinyumenyume! Sio utani jamani, ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye watengenezaji wakalipeleka tangi nyuma na chini, mbali na miguu ya abiria. Sasa nani ayapandishe mafuta? Kwanza walitumia kitangi kidogo karibu na injini, kilichojazwa kwa mvuto wa hewa wa injini yenyewe. Lakini ukipanda mlima mrefu huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, ule mvuto unapungua na kitangi kinakauka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaingia pampu inayoendeshwa na kemshafti, imefungwa ubavuni mwa injini. Hiyo ndiyo iliyotawala kwa miongo mingi.

Hapa sasa tuazime fizikia kidogo kwa wenzetu wa sayansi. Pampu iliyo kwenye injini na tangi liko mbali, kazi yake kubwa ni kuvuta. Ukivuta petroli unapunguza presha ndani ya bomba, na kimiminika kikipungukiwa presha kinachemka kwa joto dogo zaidi. Ongeza joto la injini, ongeza foleni ya mchana, petroli inageuka mvuke. Pampu inabaki kutafuna mvuke, gari linazima. Ukiwa nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, ndiyo mbaya zaidi. Yule mzee aliyekuwa anaweka kitambaa chenye maji juu ya pampu pembeni ya barabara alijua anachofanya.

Ukisukuma badala ya kuvuta, mambo yanageuka. Presha ndani ya bomba inapanda na petroli inabaki kimiminika. Ili usukume, lazima pampu ikae karibu na tangi. Kemshafti haifiki huko, ila waya wa umeme unafika.

Waingereza walilijua hili mapema. Kampuni ya SU, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa ukoo wa Skinner na kununuliwa na Morris mwaka 1926, ilikuwa inauza pampu za umeme miaka ya 1930. Cha ajabu, nyingi zilifungwa upande wa injini. Hata Morris Minor ya 1948 pampu yake ilikuwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Kwenye MGA ya 1955 ikahamia nyuma, jirani na tangi. MGB ya 1962 nayo ikaiweka nyuma, chini ya gari karibu na gurudumu, ikawa inakula matope na maji. Pointi zake zikigoma, dereva anashuka na nyundo kuigonga. Miaka ya 1970 wakainua sehemu yake ya umeme hadi ndani ya buti, ipate pakavu. Mnaona mwendo wake? Pampu inaikimbia injini, halafu inatafuta pa kujificha. Leo kwenye magari mengi imezama ndani ya tangi lenyewe, petroli inaipooza.

Sasa msije mkasema kanuni ni "weka nyuma". Kanuni ni "weka karibu na tangi". Tazama Volkswagen Beetle, gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini iko nyuma, tangi liko mbele. Mjomba wa rafiki yangu wa chumba cha pili anayo moja, na pampu yake ya zamani ilipochoka, fundi akamfungia ya umeme kule nyuma, pembeni ya injini, "waya usiwe mrefu." Mchana gari linazima, na harufu ya petroli inafika kiti cha nyuma wanapokaa watoto. Volkswagen wenyewe walipotoa 1600 yenye mfumo wa sindano wa Bosch kwa soko la Marekani mwaka 1967, injini nyuma vilevile, pampu ya umeme waliiweka mbele, karibu na tangi. Waliolibuni gari walishajibu swali la fundi.

Na kuna hatari kubwa kuliko kuzima njiani. Pampu ya kemshafti ikiona injini imesimama, nayo inasimama. Ya umeme haina habari. Mpira ukichomoka au gari likigongwa, maadamu swichi iko wazi inaendelea kusukuma petroli juu ya injini ya moto. Ndiyo maana inahitaji swichi inayokata umeme gari likigongwa, au ile inayokata presha ya oili ikishuka.

Kwa hiyo, kwa mwenye gari la zamani: pampu ikae jirani na tangi, usawa wa chini yake au chini kidogo, lakini isining'inie ikapigwa na mawe. Iwe mbali na ekzosi. Filta iwe kati ya tangi na pampu. Ifungwe juu ya mpira ili isitetemeshe bodi, iwe na fyuzi na ethi safi. Na usichukue pampu ya gari la kisasa kisa ni bei rahisi. Kabureta nyingi za zamani zinataka psi 2 hadi 4, za magari ya sindano zinasukuma 40 na zaidi. Kabureta itafurika.

Mjomba nimemwandikia yote haya kwenye karatasi, Jumamosi pampu inahamia mbele. Atalipia mita chache za waya, basi. Haya, ngoja nikalale, kesho saa moja asubuhi kuna kipindi na mwalimu huyu haruhusu wachelewaji. Alamsiki!