Ugeni si Ushahidi: Hoja Dhidi ya Kuhesabu Maajabu ya 3I/ATLAS

Tarehe 1 Julai 2025, darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Río Hurtado, Chile, ilinasa nukta hafifu iliyokuwa ikienda kasi mno kuweza kuzuiwa na mvuto wa Jua. Mwezi huohuo Avi Loeb, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Harvard, akishirikiana na Adam Hibberd na Adam Crowl, aliandika makala ya kuuliza iwapo gimba hilo, 3I/ATLAS, ni chombo cha viumbe wenye akili. Waandishi hao walikiri kwamba yamkini ni kometi tu, na kwamba zoezi lao lilikuwa la kufikirisha. Ungamo hilo halikufika mbali. Kilichoenea ni orodha ya maajabu, nayo imezidi kurefuka. Makala haya yanashikilia kwamba orodha ya namna hiyo, hata kila kilichomo kikiwa kweli, haibebi uzito inaotwishwa.

Asili ya magimba haya ya nje ya Mfumo wa Jua, ambayo 3I/ATLAS ni la tatu, haina ubishi. La kwanza, 'Oumuamua, liligunduliwa Oktoba 19, 2017 kwa darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii. La pili liliangukia mikononi mwa Gennadiy Borisov, aliyeliona Agosti 30, 2019 akiwa Crimea, kwa darubini aliyoiunda mwenyewe. Kabla Jua halijaanza kuyavuta, matatu hayo yalikuwa na kasi ya kilomita 26, 32 na 58 kwa sekunde, kwa kufuatana. Hakuna sayari ya kwetu inayoweza kulaumiwa kwa mwendo huo.

Ugomvi uko kwenye tafsiri. Loeb na wenzake wanasema njia ya 3I/ATLAS imelalia karibu kabisa na bapa la mizunguko ya sayari, tofauti ikiwa chini ya digrii 5, na kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa nasibu ni asilimia 0.2. Hesabu haina kosa. Kosa ni wakati ilipofanywa. Sifa hiyo haikutajwa kabla gimba halijaonekana. Ilichaguliwa baadaye, miongoni mwa sifa nyingi ambazo zingeweza kuchaguliwa. Mtu akiokota tiketi ya basi barabarani, akaisoma namba yake, kisha akastaajabia udogo wa uwezekano wa kukutana na namba hiyohiyo, hajagundua lolote kuhusu basi.

Hoja nzito zaidi ni ile ya 'Oumuamua, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mwaka 2018 Marco Micheli na wenzake walionyesha katika jarida la *Nature* kwamba gimba hilo halikufuata mvuto wa Jua peke yake. Kulikuwa na msukumo wa ziada wa kiasi cha sehemu 1 kwa 1,000 ya mvuto huo, uliopungua kadiri lilivyojitenga na Jua. Kometi husukumwa hivyo na gesi inayofuka kutoka kwenye barafu yake. Lakini 'Oumuamua halikuonekana kuwa na mkia wala wingu la vumbi, na darubini ya Spitzer, iliyolitafuta kwa mionzi ya joto, haikuambulia kitu. Hapo ndipo Shmuel Bialy na Loeb walipopendekeza utando mwembamba unaosukumwa na mwanga.

Wapinzani wao walihangaika. Wengine walipendekeza barafu ya hidrojeni tupu, wengine barafu ya naitrojeni iliyobanduka kwenye sayari inayofanana na Pluto. Mapendekezo yote mawili yalidai vitu adimu, na Loeb hakukosea kuyakosoa. Mwaka 2023 Jennifer Bergner na Darryl Seligman walikuja na jambo la kawaida zaidi: barafu ya maji. Ikipigwa na mionzi ya anga kwa muda mrefu, sehemu ya maji huvunjika na hidrojeni hubaki imenaswa ndani. Jua likiipasha joto, hidrojeni hutoka bila kubeba vumbi la kuonekana. Thiem Hoang na Loeb walijibu kwamba hesabu hiyo ilisahau jinsi hidrojeni inavyoipoza barafu inapotoka. Pingamizi hilo linagusa kiasi cha gesi, si utaratibu wenyewe.

Uthibitisho ulio karibu zaidi, ambao orodha za maajabu huuruka, uko hapa nyumbani. Mwaka huohuo wa 2023, Davide Farnocchia, Seligman na wenzao walieleza magimba madogo ya Mfumo wetu wa Jua, likiwemo 2003 RM, yanayosukumwa na kitu kisicho mvuto ilhali darubini hazioni mkia wowote. Kufikia mwisho wa 2024 kometi hizo fiche zilikuwa 14. Waliozieleza hawakudai kwamba ni vyombo.

Je, zinaeleza kila kitu cha 'Oumuamua? La, mng'ao wake uliobadilika takribani mara 10 lilipokuwa likizunguka bado hauna mfano mzuri. Hata hivyo sifa iliyobeba dai zima la utando si ya kipekee tena.

Mambo ya 3I/ATLAS yanaelekea hukohuko. Agosti 2025 darubini ya James Webb ilikuta kaboni dioksidi ikitoka takribani mara 8 zaidi ya mvuke wa maji. Ni uwiano mkubwa, ila gimba la Borisov nalo lilishangaza kwa wingi wa kaboni monoksidi, na hakuna aliyeliita chombo. Oktoba, darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini ilipata katika mawimbi ya redio alama ya haidroksili, kipande kinachobaki molekuli ya maji inapovunjwa na mwanga wa Jua. 

Darubini ya Vera C. Rubin, yenye kioo cha mita 8.4 huko Cerro Pachón, Chile, inatarajiwa kuongeza idadi ya wageni hawa, na Shirika la Anga la Ulaya linapanga kurusha Comet Interceptor, chombo cha kukutana na kometi, mwishoni mwa muongo huu. Wanaotaka kutetea dai la vyombo wana nafasi ya kutaja mapema, kabla la nne halijaonekana, ni sifa zipi zingewashawishi na zipi zingewafanya waliache. Bila orodha hiyo, asilimia 0.2 nyingine haitakosekana, hata kwa jiwe.