Rimu za chuma kwa Land Rover na Land Cruiser za zamani: jinsi ya kuchagua na kufunga

Barabara ya Manyoni hadi Singida inayopita Issuna ina lami, lakini ukiikata kuingia vijijini unakutana na mawe, makorongo na mchanga. Ndiyo maana wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani wengi wanashikilia rimu za chuma. Rimu ya chuma ikigonga jiwe mara nyingi hupinda, na ukingo uliopinda kidogo fundi anaweza kuunyoosha. Ya alumini inaweza kupasuka.

Msikilizaji, rimu nyingi madukani ni za mtumba. Kabla hujatoa pesa, angalia mambo haya.

Matundu ya stadi

Rimu mbili zenye matundu matano zinaweza kufanana kwa macho na zisiingiliane. Kinachoamua ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote.

- Land Rover, tangu zile za 1948 hadi Defender za mwisho za 2016: matundu 5, milimita 165.1.
- Land Cruiser za mfululizo wa 70 za kabla ya 1999: matundu 6, milimita 139.7.
- Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999: matundu 5, milimita 150.

Kwenye matundu sita, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Kwenye matano, ruka tundu moja: ya Land Rover itasoma sentimita 15.7, ya Land Cruiser 14.3. Usikubali fundi apanue matundu ili rimu iingie. Nati haitakaa sawa, na gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo.

Hali ya rimu

Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha tafuta nyufa kuzunguka matundu na kwenye weldingi. Tundu lililovutika kuwa kama yai ni dalili kwamba gari lilitembea na nati zilizolegea. Rimu ya namna hiyo iache, na yenye ufa usiichomee. Rimu nyingi za zamani za Land Rover zinahitaji tairi yenye tyubu.

Linganisha pia kina chake na rimu ya zamani. Inayotokeza nje sana hulemea beringi, na inayoingia ndani sana husugua breki au springi.

Rimu yenye ringi ya kufungia

Baadhi ya Land Cruiser za zamani zina rimu inayofunguka kwa ringi ya chuma. Ringi hiyo isipokaa vizuri huruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza upepo. Toa upepo wote kabla ya kuigusa, na ijazwe ndani ya kizimba cha chuma kwa mpira mrefu, watu wakiwa mbali.

Kufunga

1. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu mengine.
2. Legeza nati gari likiwa chini, ndipo uweke jeki.
3. Safisha uso wa habu na wa rimu. Rangi nene hapo husagika na nati hulegea.
4. Anza nati kwa mkono, upande uliochongoka ukitazama rimu. Nati za rimu za alumini zisitumike kwenye chuma kama hazilingani.
5. Kaza kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kuzunguka.
6. Shusha gari, kaza mara ya mwisho kwa spana. Kupanda juu ya spana kunavuta stadi hadi zikatike.

Kaza tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Ukifungia Issuna ukaelekea Singida mjini, ukifika tu chukua spana upitie nati zote.

Ukisikia mgongo-mgongo wa sauti kwenye gurudumu au usukani ukitikisika, simama hapo hapo. Usisubiri kufika.