Matatizo ya kibofu katika neurofibromatosi

Neurofibromatosi ni ugonjwa wa jeni unaootesha uvimbe kwenye neva. Aina ya kwanza humpata takriban mtu 1 kati ya 3,000. Wachache kati yao hupata matatizo ya kibofu cha mkojo.

Neva za kibofu hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Uvimbe ukizibana, mgonjwa hushindwa kuzuia mkojo au kuumaliza wote. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, na shinikizo lake huweza kuharibu figo.

Katika maeneo yenye kichocho, kama mkoa wa Lindi, ni rahisi kudhani kila shida ya mkojo ni kichocho. Lakini kichocho huonekana zaidi kwa damu kwenye mkojo. Mtu mwenye madoa mengi ya rangi ya kahawia na vinundu laini vya ngozi anahitaji pia kupimwa neva.

Wengi hutumia mpira mwembamba wa mkojo, wakiuingiza wenyewe mara 4 hadi 6 kwa siku na kuutoa kibofu kikiisha. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba usafi wa kawaida wa mikono na mpira unatosha. Zipo pia dawa za kutuliza kibofu. Upasuaji wa uti wa mgongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Mkojo ukiziba ghafla, au miguu ikilegea na makalio kufa ganzi, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.